Bahasha ya kaki na nauli ya usaili

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo haina mshahara, haina likizo, wala haina chama cha wafanyakazi. Ni kazi ya kutafuta kazi.

Wako wanaosema kijana wa leo anachagua kazi. Maneno haya nayasikia kwenye daladala, kwenye misiba, na hata kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao ambao wao wenyewe hawakuwahi kuandika barua ya maombi hata moja. Nasema hivyo bila kuwakosea adabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango mwezi Oktoba 1961, kikiwa bado chuo kidogo katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Taifa jipya lilikuwa na viti vitupu kila ofisi. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhitimu hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta yeye. Serikali ilikuwa na hesabu ya nguvukazi, ikijua mwaka fulani watatoka wahandisi wangapi na watakwenda wapi. Kijana alipangiwa kituo, akapewa hati ya usafiri, akaondoka na sanduku lake.

Mpango huo ulikufa katika miaka ya 1990 mwanzoni. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi, mashirika ya umma yanauzwa au yanafungwa, na ile ahadi kwamba kila anayemaliza chuo kikuu atapata kiti ikaondolewa kimya kimya. Walimu ndio walioendelea kupangiwa vituo kwa muda mrefu zaidi, lakini tangu 2015 mambo yakageuka kwao pia, na katika ajira zilizotangazwa mwaka 2024 nao wakaambiwa waje kwenye usaili kama wengine. Wakati huohuo vyuo viliongezeka. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, vyuo vya binafsi vikaruhusiwa, na mwaka 2007 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Hili ni jambo jema, nisieleweke vibaya. Lakini mlango wa kuingilia ulipanuliwa na mlango wa kutokea ukabaki ule ule.

Matokeo yake tumeyaona kwa macho. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji kwenye Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kwa usaili. Walikuja zaidi ya 10,000. Nafasi zilikuwa 70. Picha za vijana waliovaa suti na mashati meupe, wamejaa majukwaani kama mechi ya watani wa jadi, zilizunguka dunia nzima. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalipita 130,000. Gawanya mwenyewe. Kule Uhamiaji ni zaidi ya watu 140 kwa kiti kimoja, na huku Mamlaka ya Mapato ni zaidi ya 80. Sasa mwambie kijana huyo kwamba anachagua kazi.

Lakini idadi hizi tumezizoea, na ninachotaka kueleza leo ni kitu kingine ambacho hakiandikwi magazetini. Ni gharama.

Zamani mtafuta kazi alijulikana kwa bahasha ya kaki kwapani. Aliingia ofisi hadi ofisi, soli inalika, akiambiwa na mlinzi getini "acha hapa, utaitwa". Mimi mwenyewe nilipomaliza stashahada yangu ya uandishi wa habari niliacha bahasha kwenye mageti mengi ya mji huu, na kuna ofisi moja ambako nilikuta barua yangu imefungiwa vitumbua na mama lishe wa nje ya geti. Jina la ofisi nalihifadhi. Vitumbua vilikuwa vizuri.

Leo bahasha imehamia kwenye simu. Ajira za serikali zinaombwa kwa mtandao kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa ili kupunguza vimemo na ujamaa wa mjomba na shangazi. Kwa hilo nakipa haki yake: mtoto wa mkulima ambaye hamjui mtu yeyote leo anaweza kuitwa kwenye usaili, na wako walioitwa wakapata. Ila mtandao haukuondoa gharama, uliibadilisha sura tu. Kijana wa kijijini ambaye simu yake haiwezi kupandisha vyeti anakwenda steshenari mjini, analipa nauli, analipa wa kumjazia, analipa wa kumchanganulia vyeti. Vyeti vyenyewe lazima viwe na mhuri wa wakili, na mhuri haugongwi bure. Tangazo linasema hati za matokeo za muda hazikubaliki, linataka cheti kamili. Kama jina la cheti cha kidato cha nne linapishana herufi moja na la kitambulisho cha taifa, kuna kiapo cha kuandikisha. Yote haya yanafanyika kabla mtu hajaitwa popote.

Akiitwa ndipo hesabu inapokuwa kubwa. Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Muleba, alinipigia simu jioni.

"Shikamoo mjomba. Nimeitwa usaili Dodoma."

"Marahaba. Hongera sana baba. Lini?"

"Jumamosi, mjomba."

Ilikuwa Jumatano. Nilifurahi, kisha nikanyamaza, naye akanyamaza, kwa sababu sote wawili tulikuwa tunapiga hesabu moja. Dada yangu aliuza mbuzi. Mimi nikatuma kilichokuwepo. Kijana akapanda basi, akafika Dodoma usiku wa Ijumaa, akalala kwenye benchi la stendi ili pesa ya gesti ibaki ya chakula. Jumamosi akaandika mtihani katika ukumbi uliojaa watu. Matokeo yakatoka: amefaulu, anatakiwa usaili wa mahojiano baada ya siku mbili. Furaha gani hiyo, msikilizaji, inayomfanya mtu ajishike kichwa! Siku mbili Dodoma bila ndugu. Alipokewa na kijana mwenzake waliyefahamiana palepale kwenye foleni, wakalala wanne chumba kimoja cha mwanafunzi.

Kwenye mahojiano alifaulu pia, lakini nafasi zilijaa kabla ya jina lake. Akawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba ya waliofaulu na wanaosubiri. Baadaye akaitwa mara nyingine, kwa kazi nyingine. Safari hiyo hapakuwa na mbuzi. Hakwenda. Katika vitabu vya mwajiri ameandikwa tu kwamba hakuhudhuria.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Usaili wa maandishi unapofanyika mbali, mtu hushindwa kabla ya kushika kalamu. Anayebaki kwenye mchujo si lazima awe yule mwenye akili zaidi. Ni yule ambaye kwao kuna nauli ya mara ya nne na ya tano. Ndiyo maana hatua ya kufanyia mtihani wa mchujo mikoani, ambayo imeanza, naiona kubwa kuliko hotuba nyingi nilizozisoma hewani. Iendelee mpaka iwe kanuni kwa kila kada, na kampuni binafsi ziige.

Hizo kampuni nazo zina lao. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia. Miaka mitatu aipate wapi mtu ambaye kila mlango unamtaka aje nayo? Wasichana wanaulizwa wataolewa lini na watazaa lini. Nawakumbusha waajiri kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, mimba au ndoa, na kifungu hichohicho kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa sawa na mfanyakazi. Ulinzi wa sheria haungoji mkataba utiwe saini.

Na deni linangoja. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anatakiwa aanze kulipa miezi 24 baada ya kumaliza chuo, na akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ni haki, fedha ile imesomesha wengine. Ila kwa yule asiye na mshahara miezi hiyo 24 inakwenda mbio.

Katika hali hiyo ndipo simu inapolia na sauti tamu inasema kuna kazi Bangkok.

Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa wengi wanadhani utapeli wa kazi za nje unawapata wasiosoma peke yao. Habari za watumishi wa ndani tunazo siku nyingi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu juu ya Watanzania walionyang'anywa pasi na kunyimwa mishahara Oman na Falme za Kiarabu, chini ya utaratibu wa kafala unaoifunga viza ya mtu kwa mwajiri wake. Lakini mtego wa sasa umetegewa wenye shahada. Wanatafutwa wanaojua Kiingereza na kompyuta. Wanaahidiwa kazi ya huduma kwa wateja nchini Thailand, tiketi na viza juu ya mwajiri. Wakifika wanapakiwa kwenye gari mpaka mji wa Mae Sot mpakani, wanavushwa mto na kuingizwa Myanmar, kwenye majengo yenye kuta na walinzi wenye bunduki. Pasi zinachukuliwa. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya kompyuta usiku kucha, kujifanya mchumba wa mtu wa Ulaya au Marekani mpaka amwage akiba yake kwenye uwekezaji wa uongo. Anayekataa hupigwa, na anayetaka kuondoka hudaiwa fidia. Kenya ilianza kuwaonya raia wake mwaka 2022. Mapema 2025 maelfu ya watu walitolewa huko, miongoni mwao Wakenya, Waethiopia na Waganda. Ni majirani zetu, na wanasoma matangazo yale yale tunayosoma sisi.

Utamjuaje tapeli? Kipimo cha kwanza ni fedha zinaelekea wapi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema wakala wa ajira hapaswi kumtoza mtafuta kazi. Kwa hiyo ukiombwa ada ya fomu, ya sare, ya "kumfungua mkubwa macho", ondoka. Lakini yule wa Bangkok haombi hata senti, ndiyo hila yake. Kwake kuna vipimo vingine: mwulize anwani ya ofisi, uone kama viza ni ya kazi au ya matembezi, na umwambie kwamba unapeleka mkataba kwa Kitengo cha Huduma za Ajira cha serikali kabla ya kusaini. Mwajiri wa kweli atasema peleka. Tapeli atasema ndege ni kesho.

Kwa waajiri wa hapa nyumbani nina ombi dogo, halihitaji bajeti. Andikeni kwenye tangazo idadi ya nafasi, na mjibu. Mstari mmoja wa "hukuchaguliwa" unatosha. Mpwa wangu sasa anaendesha bajaji ya mtu pale Bukoba mjini, anapeleka hesabu kila jioni, na mpaka leo kuna maombi kumi na moja aliyotuma ambayo hajui kama yalisomwa. Kila akisikia mlio wa ujumbe anaegesha pembeni kuangalia. Abiria wanamgombeza.