Ukoko usioonekana: hadubini iliyochungulia ndani ya punje za kiwanda cha mafuta

Kila anayepika wali anaujua ukoko. Moto ukizidi, chini ya sufuria hushika tabaka gumu jeusi, na usipolikwangua, chakula cha kesho kitanukia moshi. Viwanda vya mafuta navyo vina ukoko wao, tena wa gharama kuliko wetu.

Sisi wa Mombasa tulikuwa na kiwanda chetu pale Changamwe. Kilianza kazi 1963 na kikaacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Upungufu wake mmoja ni kwamba hakikuwa na mtambo wa kuvunja mafuta mazito yawe petroli, kwa hivyo mengi yalitoka mazito vilevile, ya bei ya chini. Penye mtambo huo, kazi hufanywa na punje za kichocheo, laini kama mchanga wa ufuoni. Ndani ya punje mna fuwele za zeolaiti, madini yenye vitundu visivyofika upana wa nanomita moja. Unywele wa mtu una nanomita 80,000 hivi.

Molekuli ya mafuta huingia tunduni, ikakatwa, vipande vikatoka. Vipande vingine hukwama, vikaungana, vikawa ukoko wa kaboni. Kichocheo huchoka kwa sekunde chache tu! Hapo hupelekwa kwenye tanuri la nyuzi 700 hivi, ukoko ukachomwa, kisha kikarudishwa kazini, usiku na mchana.

Sasa swali: ukoko huanzia wapi? Ukiziba mlangoni, nyumba nzima imepotea bure hata kama vyumba vya ndani ni vitupu. Kupima uzito wa ukoko hakukwambii hilo. Lazima uuone.

Bahati nzuri, molekuli nyingi za ukoko hung'aa zikimulikwa kwa leza. Mwaka 2008 kikundi cha Bert Weckhuysen, Utrecht, Uholanzi, kilitazama hivyo fuwele zikigeuza methanoli kuwa malighafi ya plastiki. Katika aina moja ya fuwele ukoko ulibaki karibu na ukuta wa nje, ukaziba njia. Katika nyingine ulianzia pembeni ukaingia ndani. Lakini hizo zilikuwa fuwele kubwa, zilizokuzwa makusudi kwa utafiti. Za viwandani mara nyingi hazizidi mikromita moja, na hapo hadubini ya mwanga hushindwa. Mjerumani Ernst Abbe alishaeleza tangu 1873 kwamba vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, mwanga utavionyesha kama kimoja.

Ujanja uliopatikana, ndugu msomaji, utauelewa ukisimama ufuoni usiku wa giza. Karabai mbili za wavuvi zikiwa karibu karibu huko mbali, utaona taa moja tu iliyotawanyika. Lakini kama moja itawaka wakati nyingine imezimwa, utaweka alama pa kwanza, kisha pa pili, na mashua mbili zitajitenga. Ndivyo wanavyofanya: molekuli chache tu huwaka kwa wakati mmoja, kompyuta hutafuta kitovu cha kila nuru, na baada ya maelfu ya picha ramani hukamilika. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia 2014 kwa kuuvuka mpaka wa Abbe, ingawa Hell alipitia njia nyingine.

Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliuingiza ujanja huu kwenye zeolaiti mnamo 2009. Walitumia kemikali ya jamii ya furfurili, ambayo hupatikana hata kwenye magunzi ya mahindi. Yenyewe haing'ai. Ikikutana na sehemu iliyo hai ya fuwele, huungana ikawaka, na ramani yake hufikia nanomita 10 hivi. Yaani unaona ni wapi hasa fuwele inafanya kazi, na wapi imelala.

Hadubini ya elektroni huona vidogo zaidi, ila miale yake huziharibu zeolaiti.

Faida yake iko kwa mtengenezaji. Akijua mlango ndio unaoziba, atakuza fuwele ndogo zaidi, au atazitoboa vichochoro vipana ili vipande vitoke kabla havijashikana. Tundu lenyewe bado halionekani, kwani nanomita 10 ni pana kuliko tundu mara kumi na zaidi. Kinachoonekana ni mtaa, si nyumba.