Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Mpendwa mama, je, umewahi kurudi jioni kutoka kumhudumia mgonjwa, ukakuta watoto wako hawajala na baba yao amenyamaza kimya? Mimi yamenikuta. Jirani yetu hapa Pemba alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Alfajiri nilimchotea maji, mchana nikampikia uji, jioni nikamfulia nepi. Wiki ya pili binti yangu akaniambia, "Mama, mdogo wangu anatetemeka tangu jana." Kumbe mwanangu alikuwa na homa kali, nami sikujua!

Nililia sana. Nilidhani namtumikia Mungu, kumbe nilikuwa nimewanyima wenzangu nafasi ya kumtumikia. Sisi Wakristo wa Pemba ni wachache, na aliye mchache hudhani kila jambo ni lake peke yake.

Mfano wa Banani

Tarehe 6 Aprili 1897 amri ya Sultani iliondoa utumwa katika sheria, Unguja na Pemba. Lakini amri haijazi chungu. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na akiupata, alale wapi? Ale nini? Masuria hawakupewa haki hiyo kama wengine mpaka mwaka 1909.

Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki, au Wakweka, walianzisha misheni katika shamba la mikarafuu la Banani, si mbali na Chake Chake. Msimamizi alikuwa Theodore Burtt. Walioachwa huru walipata kazi ya ujira, na shule ikafunguliwa. Angalia, mama: wako waliochanga fedha kwao Uingereza, wako waliosimamia, wako waliofundisha. Na hao waliosaidiwa hawakukaa bure, walilima na kuchuma karafuu kwa mikono yao. Hakuna aliyebeba yote.

Biblia nayo yatufundisha hivyo. Katika Kutoka 18, Yethro alimwonya mkwewe Musa kwamba atachoka, yeye na watu wake, asipogawa kazi. Katika Matendo 6, wajane waliposahaulika, Mitume walitafuta watu saba wa kusaidia.

Tulivyofanya sisi

Mwanangu alipopona, niliwaeleza kina mama wenzangu baada ya ibada. Tukapanga zamu. Mwenye nguvu alichota maji. Mwenye kuni alipika. Bibi mmoja asiyeweza kubeba ndoo alimpakata mtoto ili mzazi alale. Hata hilo ni kazi, tena kubwa! Jumapili, tulipokuwa kanisani, jirani yetu Mwislamu alishika zamu. Nasi alipofiwa, tulikwenda kumpikia wageni wake.

Mama mwenzangu, ukitaka kuanza, fanya hivi:

1. Mwulize kwanza mwenye shida anahitaji nini.
2. Mpe kila mtu kazi moja aiwezayo, na siku yake.
3. Mshirikishe mumeo kabla hujaahidi.
4. Usione haya kusema, "Leo siwezi." Mwingine atashika.

Yule jirani sasa ana nguvu zake. Juzi mama mwingine alipougua, ndiye aliyefika wa kwanza, ndoo kichwani, akauliza, "Zamu yangu ni lini?"

Je, mtaani kwenu nani anabeba peke yake? Mwendee leo, kabla hajaanguka.