Wakazi wa Mto Rau Wasiohesabiwa

Ukitaka kujua hali ya Mto Rau pale unaposhuka Uru, mlimani Kilimanjaro, usiangalie rangi ya maji. Maji yanaweza kuwa maangavu na mto ukawa umekufa. Shuka bondeni, tafuta mahali maji yanapokwenda kasi, geuza jiwe na utazame upande wake wa chini. Ukiona wadudu wembamba wenye mikia mitatu wakikimbilia kivulini, wengine wamejijengea vibanda vya mchanga, na kaa anarudi nyuma kuingia kwenye ufa, mto huo bado uko hai. Ukikuta ruba na funza wekundu peke yao, ujue hewa ndani ya maji imepungua mno, kwa sababu hao ndio hubaki wenzao wakishindwa.

Kuna sayansi kamili nyuma ya jiwe hilo. Watafiti wa Tanzania wana kipimo kiitwacho TARISS, kilichotengenezwa kwa ajili ya mito yetu kwa kufuata mfano wa Afrika Kusini. Kila kundi la wadudu, konokono na kaa hupewa alama kulingana na linavyostahimili uchafu. Wasiovumilia hupata alama nyingi, wavumilivu chache, na jumla yake hueleza afya ya mto. Uzuri wa kipimo hiki ni kumbukumbu yake: chupa ya maji inayopelekwa maabara hueleza habari za siku ile tu. Wadudu wamekaa mtoni kwa wiki na miezi. Sumu ikipita Jumanne usiku, Ijumaa maji yataonekana safi, lakini wadudu hawatakuwepo, na kutokuwepo kwao ni ushahidi.

Nayasema haya kwa kuwa mazungumzo ya maji Kilimanjaro huwa ya binadamu peke yao. Nani kafungua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, usiku, bomba la kitongoji gani limekauka, kwa nini watu wa juu wanawabania watu wa tambarare. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini katika hesabu zote hizo hakuna anayetaja wale ambao maji ndiyo nyumba yao, na wao ndio wanaolipa kwanza.

Chukua kahawa, zao lililosomesha watoto wa Uru kwa vizazi. Magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yamewalazimu wakulima kupiga dawa za shaba miaka nenda rudi, mrututu na jamaa zake. Sishangai mkulima akipiga dawa, maana mti usiopigwa dawa unaweza kumnyima ada ya mtoto. Kinachoniuma ni pale bomba la mgongoni linapooshwa mtoni au kwenye mfongo kazi ikiisha. Mrututu ndio uliotumika kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, kuua konokono wanaobeba kichocho. Ulimwagwa majini makusudi kwa sababu unaua. Shaba hushambulia matamvua ya samaki wadogo, huua konokono na mwani, na wadudu wanaokula mwani hukosa chakula. Mabaki ya bomba moja yakimwagwa kwenye kijito kilichopungua yanatosha kufanya madhara makubwa.

Halafu huja mavuno. Kahawa ya Kilimanjaro huchumwa kuanzia Julai hadi karibu na mwisho wa mwaka, na miezi kadhaa ya msimu huo mito huwa imesinyaa. Ndipo mashine za kumenya zinapofanya kazi, na maji yenye utelezi na sukari ya tunda hutafuta njia ya kwenda chini. Sukari hiyo si sumu. Ila bakteria huishangilia, huongezeka kwa kasi, na katika kuila humaliza hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Samaki na wadudu hukosa pumzi ndani ya maji yanayotiririka mbele ya macho yetu. Dawa yake inajulikana: shimo la kutuamisha maji hayo mbali na mto, na maganda yarudi shambani kuwa mbolea chini ya migomba. Dawa ya mrututu nayo ipo. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungo, imetoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kila mbuni mzee unaobadilishwa unapunguza shaba inayoingia mtoni.

Sasa niseme kuhusu mfongo, na hapa sitaki nieleweke vibaya. Mifongo ni kazi kubwa ya akili na mikono ya Wachagga. Wageni wa Kizungu waliofika karne ya 19 waliikuta na wakaistaajabia: mifereji iliyochongwa kwenye makorongo, ikifuata mteremko kwa ustadi bila kifaa cha kupimia, ikisimamiwa na wazee kwa zamu na faini. Banio la zamani, la kuelekeza maji ya mto kwenye mfongo, lilijengwa kwa mawe, magogo, majani ya migomba na udongo. Lilivuja. Wataalamu wa umwagiliaji wamelilaumu kwa miaka mingi kwa kupoteza maji, na ni kweli sehemu kubwa ya maji haikufika shambani. Lakini maji yaliyopita kati ya mawe yalibaki mtoni, na yaliyozama kwenye kingo za mfereji yaliingia ardhini. Kaa na viluwiluwi waliishi kwa mavujo hayo.

Siku hizi tunajenga banio la saruji lenye lango la chuma, tunaunganisha bomba, na tunasherehekea kwamba hakuna tone linalopotea. Kiangazi kikiwa kikali, chini ya banio kama hilo mto unaweza kukatika kabisa, ukabaki mawe makavu na vidimbwi. Wadudu wa maji ya kasi hawawezi kusubiri masika kwenye kidimbwi chenye joto. Naunga mkono saruji na naunga mkono bomba, kwa sababu sitaki mama abebe ndoo kupanda korongo. Ninachopinga ni lango lisiloacha kitu.

Tanzania tayari inalo somo la namna hii. Mwaka 1996, kwenye maporomoko ya Kihansi, aligunduliwa chura mdogo wa manjano anayeishi kwa rasharasha za maporomoko hayo na asiyepatikana kwingine duniani. Mwaka 2000 maji yalianza kuchepushwa kwa ajili ya umeme. Rasharasha zikakoma, na ingawa vilifungwa vinyunyizio vya kumwokoa, baada ya miaka michache hakuonekana tena porini. Aliokolewa na wenzake waliopelekwa Marekani mapema ili wazalishwe, na kumrejesha kumekuwa kazi ndefu na ya gharama. Watalii wanaopanda Uru kutazama maporomoko ya Materuni wanatembea kwenye rasharasha kama zile. Mimea midogo, vyura na wadudu wanaotegemea miamba ile yenye unyevu, nani amewaorodhesha?

Kutoka Uru maji yanashuka haraka. Mto Karanga unaelekea Weruweru na Kikuletwa. Rau unapita kwenye msitu unaobeba jina lake, unafika kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, ambako mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani ulikamilika mwaka 1987 na haukuchukua muda kuanza kugombania maji, kisha unaelekea Kahe. Yote yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwaka 1970, miaka michache baada ya bwawa kujaa, lilitoa zaidi ya tani 28,000 za samaki. Mavuno hayo hayakurudi tena. Kwa sehemu, hiyo ni kawaida, kwani bwawa jipya huwa na rutuba ya mimea iliyofunikwa na maji, na rutuba hiyo huisha. Lakini makokoro, nyavu za macho madogo na udongo unaoletwa na mito vimefanya kazi yao pia. Bonde hili la Pangani lina perege wake wa asili ambao hawapatikani kwingine. Yule wa Ziwa Jipe na yule wa Ziwa Chala, ziwa la kreta mlimani kwetu, wote wako katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Na mto Pangani, unaotoka kwenye bwawa hilo, unapofika Pangani mjini umedhoofu kiasi kwamba bahari inausukuma nyuma, na chumvi inaingia kwenye mashamba ya minazi.

Wengi hudhani tatizo ni barafu ya kilele cha Kibo kuyeyuka. Barafu inatutia huzuni, lakini maji ya mito yetu hutoka zaidi msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti. Taarifa ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilieleza kwamba tangu 1976 moto umeangamiza hekta 13,000 za msitu wa Kilimanjaro. Anayewasha moto kurina asali kule juu anamnyima kaa wa Rau maji, na jirani yake pia.

Sheria ipo. Ile ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha akiba ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi zifuate. Yaani samaki wametangulia mbele ya nyanya na mpunga. Ile ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa Uru, ambako kihamba kizima, yaani shamba la nyumbani, kinaweza kuwa chembamba kuliko hapo, sharti hilo haliwezekani kwa wote, na sheria isiyowezekana huishia kupuuzwa yote. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi, ingefanya vyema kukaa na wenye vihamba na kukubaliana upana unaotekelezeka: mikuyu na nyasi zibaki ukingoni, kabichi zirudi nyuma.

Na kwa wazee na kamati za mifongo nina ombi moja. Mnapopanga zamu za wiki, pangeni na zamu ya mto, usiku ambao malango yote yanafungwa na maji yanaachwa yashuke. Na katika zamu nyingine zote, acheni maji kidogo yapite banio na kubaki mtoni. Anzeni kiangazi hiki, na mabomba ya dawa yaoshewe shambani.