Wajawazito watatu, benchi moja la kliniki: Tulivyosaidiana hadi arobaini

Mama yangu yuko Tanga na miguu yake haimruhusu tena kupanda basi. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki. Dada yangu ana biashara na watoto watatu wanaomtegemea. Ndiyo maana mimba yangu ya kwanza ilipofika wiki ya 34, kilichoninyima usingizi hakikuwa uchungu wa kuzaa. Nilikuwa najiuliza: nikishajifungua, nani atanikanda? Nani atanikorogea uji? Nani atamshika mtoto walau nipate kuoga?

Mume wangu ni dereva wa lori aliyeajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 3, nayo aichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama anapewa siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini arobaini ya mzazi, kama jina lake linavyosema, ni siku 40. Toa 3 za baba, zinabaki 37.

Zamani hizo 37 zilikuwa za bibi, shangazi na mawifi. Kwa sisi tuliopanga chumba na sebule mjini, mbali na kwetu, mara nyingi zinabaki za mama na mtoto peke yao. Zangu hazikuwa hivyo, kwa sababu ya watu wawili niliowakuta kwenye benchi la kliniki.

Maswali ya kwenye foleni

Anayehudhuria kliniki anajua foleni ilivyo. Unafika asubuhi, unakabidhi kadi, unasubiri kupimwa uzito, presha na mkojo. Kulia kwangu alikaa mwalimu wa shule ya msingi, naye mimba yake ya kwanza, wiki ya 35. Kushoto alikaa mama mmoja anayeuza chapati karibu na kituo cha daladala mtaani kwetu Tabata. Yeye alikuwa na mimba ya tatu, wiki ya 29.

Mimi na Mwalimu tulimwandama Mama Chapati kwa maswali. Utajuaje uchungu umeanza? Chupa ikipasuka unafanyaje? Alitujibu huku anacheka, na tulipoitwa ndani tulikuwa tumeshapeana namba za simu. Wiki iliyofuata tulikutana nyumbani kwa Mwalimu, waume zetu wakiwemo, tukakubaliana mambo matano:

1. Usafiri. Mume wa Mama Chapati anaendesha bajaji, kwa hiyo namba yake iwe kwenye simu zetu zote, pamoja na namba ya dereva mwingine wa akiba. Nauli ya usiku iwekwe kando, isiguswe.

2. Begi. Kanga, pamba, glavu, nguo za mtoto na vingine vilivyoandikwa kwenye orodha ya kliniki viwe ndani ya begi kabla ya wiki ya 36. Wenzako wajue begi linakaa wapi na kadi iko wapi.

3. Watoto wakubwa. Mama Chapati alikuwa na wawili. Ijulikane mapema watalala kwa nani.

4. Damu. Kila mmoja ajue kundi lake, na awe na ndugu au marafiki wawili walio tayari kuchangia.

5. Zamu. Nani anapika siku gani, nani anafua siku gani. Atakayekuja kumtazama mzazi asisubiri kupikiwa, aje na chakula.

Hakuna kati ya hayo lililohitaji fedha nyingi. Lilihitajika kusemwa tu kabla siku haijafika, maana "ukihitaji chochote niambie" haimsaidii mtu ambaye hana hata nguvu ya kuinua simu.

Wageni kumi na mmoja

Mwalimu alitangulia. Alijifungua salama, akakaa hospitali saa 24 kama inavyoshauriwa kwa aliyejifungua bila matatizo, akarudi nyumbani. Siku ya pili nilipokwenda na ndoo yangu ya kufulia, nilikuta wageni kumi na mmoja sebuleni. Mwalimu mwenyewe, anayetembea kwa kujivuta, alikuwa anagawa soda.

Mama Chapati alifika na sufuria ya mtori, akatazama, akasema kwa sauti ya upole, "Jamani, sasa tunataka kumkanda mzazi." Chumba kikawa kitupu ndani ya dakika tano na hakuna aliyenuna. Kumbe kumsaidia mzazi ni pamoja na kumlinda na watu wanaompenda.

Kukandwa nako kulikuwa na mipaka yake. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, si ya kuunguza, na tumbo halikubinywa. Aliyejifungua kwa upasuaji kidonda chake hakiguswi kabisa, afuate alichoambiwa hospitali.

Usiku wangu wa tatu

Zamu yangu ilikuja wiki iliyofuata. Siku mbili za kwanza mume wangu alikuwepo, akafua nepi na kukoroga uji mpaka nikashangaa. Siku ya tatu aliamkia safari. Usiku wake maziwa yalijaa, matiti yakawa magumu kama mawe, mtoto akashindwa kunyonya, akalia mpaka sauti ikakauka. Jirani mmoja wa uani akanishauri nimpe maji ya sukari kwa kijiko kwa sababu maziwa yangu "hayatoshi". Nilikuwa nimeshachukua kikombe.

Nikampigia Mama Chapati. Alikuja saa tano usiku, mimba yake ikiwa ya wiki ya 34. Akaniambia nikamue kidogo kwa mkono ili titi lilainike, kisha akanionyesha namna ya kumweka mtoto: mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, aingize na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, si chuchu peke yake. Mtoto akanyonya, mimi nikalia.

Muuguzi alithibitisha maneno yake tulipokwenda kliniki. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, apewe ndani ya saa moja ya kuzaliwa kwa sababu yanamkinga na maradhi. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, bila maji hata kwenye joto la Dar es Salaam. Ukitaka kujua anashiba, hesabu nepi. Kuanzia karibu siku ya tano, mtoto anayenyonya vizuri hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku.

Kosa langu

Mwanangu alipofikisha wiki mbili, Mama Chapati aliniletea uji jioni. Mimba yake ilikuwa ya wiki ya 36. Alikaa kitandani kwangu, akashika paji la uso, akasema kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Nikamwambia, "Moto wa mkaa huo, shoga. Umesimama jikoni tangu alfajiri. Kalale." Akaenda.

Uso wake ulikuwa umevimba. Niliuona, nikadhani ni unene wa mimba.

Saa mbili usiku Mwalimu alimpigia simu kwa jambo lingine kabisa. Akapokea mtoto wake mkubwa, wa miaka tisa, akasema mama amelala, anasema haoni vizuri. Mwalimu hakuuliza swali la pili. Alikumbuka tulichoambiwa kwenye benchi: maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono ni dalili za hatari. Alimpigia mwenye bajaji, akanipigia na mimi.

Hospitali walikuta presha iko juu sana na mkojo una protini. Hiyo ni hali inayotangulia kifafa cha mimba. Alichomwa dawa ya kuzuia degedege, na usiku huohuo akafanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike, kilo 1.9. Watoto wake wawili walilala kwangu, mmoja miguuni pangu, mwingine kwenye mkeka. Mume wa Mwalimu alikwenda kukesha na baba mwenzake nje ya wodi. Baadaye yule baba alituambia kwamba bila mtu wa kukaa naye kwenye kiti kile, asingejua hata fomu aisaini wapi.

Mama Chapati alipona. Mimi nilichukua muda kujisamehe. Nilimpenda, nilikuwa karibu naye, na ushauri wangu ungeweza kumuua.

Jambo la jirani na jambo la hospitali

Tangu siku ile tuna kanuni moja. Chakula, zamu, kuogesha, kubembeleza na kumsikiliza mtu anayelia ni mambo yetu. Dalili ya hatari hatuijadili. Tunaita usafiri kwanza, maswali baadaye.

Kwa mjamzito dalili hizo ni kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa au ya tumbo, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, homa, degedege, chupa kupasuka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kwa aliyejifungua ni damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, usaha au harufu mbaya, na hata maumivu yaleyale ya kichwa, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kuzaa.

Kwa mtoto mchanga ni kukataa kunyonya, kulegea, degedege, kupumua haraka (pumzi 60 au zaidi kwa dakika), kifua kuingia ndani anapopumua, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha, na viganja au nyayo kuwa za njano.

Kwa Tanzania, mfumo wa M-Mama unapatikana kwa kupiga 115 bila malipo kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Iandike namba hiyo leo kwenye simu yako na ya mumeo.

Dawa za kienyeji za "kuongeza uchungu" nazo tuliziweka upande wa hospitali. Zinaweza kulikaza tumbo la uzazi kupita kiasi na kuhatarisha mama na mtoto. Ukiletewa, hata na mtu unayemheshimu, shukuru kwa adabu na uziache.

Usikose kliniki za mwishoni kwa kuwa tumbo limekuwa zito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio ya mjamzito kutoka 4 hadi yasiyopungua 8, na 5 kati ya hayo 8 ni kuanzia wiki ya 30. Presha hupanda zaidi katika miezi hii, na bila kipimo huwezi kuiona.

Siku zilizobaki

Mtoto wa Mama Chapati alibebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Kifua cha mzazi humpa mtoto mdogo joto na humrahisishia kunyonya. Mama anapochoka, baba anaweza kupokea. Yule dereva wa bajaji alifungua shati na kumbeba binti yake. Wenzake kijiweni walimcheka siku moja, siku ya pili wakamuuliza inafanywaje.

Mimi nami nilikuwa na siku zangu. Nilikuwa nalia bila sababu mchana, mtoto akiwa amelala na kila kitu kikiwa sawa. Mwalimu akaniambia naye alipitia hivyo. Huzuni ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au mama akikosa hamu ya kumshika mtoto, au akiwaza kujidhuru, huo ni ugonjwa na una tiba. Apelekwe hospitali kama angekuwa na homa, na asiambiwe hana shukrani. Kwangu ilipungua, na kilichonisaidia zaidi ni kwamba kila jioni kulikuwa na mtu anayebisha hodi.

Arobaini ya mtoto wa tatu tuliifanyia uani kwa Mwalimu. Tulipika pilau. Mama Chapati alikatazwa kushika hata mwiko, na alilalamika tangu asubuhi hadi jioni kwamba tunaharibu mchele.

Kama unasoma haya tumbo likiwa limeshatangulia mlangoni na mama yako yuko mbali, usisubiri ujifungue ndipo uanze kutafuta msaada. Siku yako ya kliniki ikifika, mgeukie aliyekaa karibu yako, umuulize ana wiki ngapi na anaishi wapi. Na wewe baba uliyemsindikiza, usikae nje na simu. Kuna baba mwingine hapo getini ana siku tatu kama zako. Mfahamiane.