Kuba na Dari ya Matao
Tumeletewa tafsiri ya maelezo ya picha iliyopigwa ndani ya kanisa kuu la Amiens, Ufaransa, lililoanza kujengwa mwaka 1220. Mfasiri ameandika kuwa kamera "ilielekezwa kwenye kuba". Sivyo. Kuba ni paa la mviringo, kama lile la misikiti mingi. Huko Amiens, yapata mita 42 juu ya sakafu, kuna matao ya mawe yanayokatana. Tunapendekeza dari hiyo iitwe dari ya matao.

Nazo nguzo "zilizoinama" hazikuinama: kamera ikielekezwa juu, mistari ya wima huonekana ikikaribiana. Dawa yake ni lenzi inayosogezwa juu peke yake, kamera ikibaki wima. Hali hiyo tumeiita mkaribiano wa wima. Mwenye neno bora na atuletee.