MANENO YA KIINGEREZA YA MAPATANO NA MAANA ZAKE

Watu wawili wakielewana juu ya jambo, kwa Kiswahili twasema wamepatana, wameafikiana, wamewekeana ahadi, au wamefanya mkataba. Waingereza nao wana maneno mengi ya namna hiyo, na kila moja lina mahali pake. Mtu atiaye sahihi au dole gumba katika karatasi bila kuzijua tofauti hizo huweza kudhani amepata haki, kumbe haki yenyewe haina korti ya kuilinda. Kwa hiyo yafaa wakubwa wa vijiji, walimu na kila ajuaye kusoma wayafahamu maneno haya.

La kwanza ni "agreement". Neno hili ni pana kuliko yote. Maana yake ni mapatano ya namna yo yote: ya jirani na jirani, ya wafanya biashara, hata ya dola na dola. Kwa sababu ya upana huo, neno hili peke yake halimwambii msomaji kama mapatano yana nguvu ya sheria au hayana.

La pili ni "contract", yaani mapatano ambayo korti itamlazimisha mtu ayatimize au alipe. Kwa sheria ya Kiingereza hapana budi mmoja atoe neno lake, mwenziwe alikubali, na kila upande utoe kitu chenye thamani au uahidi kukitoa. Kitu hicho huitwa "consideration". Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo maana yake ni fikira, lakini katika hati maana yake ni badala: kile nitoacho ili nipate chako. Mtu akikuahidi ng'ombe bure, hiyo ni ahadi tu. Akikuahidi ng'ombe kwa fedha, nawe ukakubali, mmefungana. Sheria ya Mapatano ya Bara Hindi ya mwaka 1872, ambayo zamani ilitumika Kenya na Tanganyika pia, ilitaka tena kila mtu awe amekubali kwa hiari, na jambo lenyewe liwe halali. Basi kila "contract" ni "agreement", lakini si kila "agreement" ni "contract".

La tatu ni "deed". Kwa kawaida maana yake ni tendo. Lakini kwa wanasheria ni hati iliyotiwa sahihi mbele ya shahidi, nayo humfunga mtu hata kama hakupewa badala. Namna moja ya hati hizo iliitwa "indenture", jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya jino. Zamani mapatano yaliandikwa mara mbili katika karatasi moja, kisha ikakatwa katikati kwa meno meno, ili vipande vikiunganishwa ijulikane kwamba hapana udanganyifu. Kwa hati za jina hilo maelfu ya Wahindi waliletwa kujenga reli ya Uganda tangu mwaka 1896.

La nne ni "covenant". Wasomao Biblia walijua kwa jina la Agano. Katika hati za ardhi na nyumba ni ahadi moja iliyomo ndani ya hati, kama vile mpangaji anapoahidi kuitunza nyumba.

La tano ni "treaty", yaani mkataba wa dola na dola. Kwa sheria ya Kiingereza, mkataba wa namna hii peke yake haumpi mtu haki ya kushtaki katika korti ya nchi, mpaka sheria itungwe ya kuutia nguvu.

Tofauti hizi si za maneno matupu, na Wamasai waliionja ladha yake. Mwaka 1904 walipatana na Serikali ya Himaya ya Afrika ya Mashariki kuyaacha malisho ya Bonde la Ufa, wakapewa Laikipia upande wa kaskazini na nchi nyingine upande wa kusini. Ahadi ilikuwa kwamba mapatano yatadumu maadamu Wamasai wapo. Mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine ya kuwaondoa Laikipia. Karatasi zote mbili ziliitwa "agreement". Wamasai kadhaa, Ol le Njogo akiwa mmoja wao, wakaenda kortini wakidai kwamba mapatano ya kwanza ni "contract" na yamevunjwa, na kwamba waliotia alama katika ya pili hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga watu wote. Mwaka 1913 korti ilikataa madai yao, na rufani ikashindwa mwaka huo huo. Waamuzi walisema karatasi hizo ni "treaty", kwa hiyo korti haina uwezo wa kuziamua. Hivyo ahadi iliyokuwa imeandikwa wazi haikupata mwamuzi, na nchi ikaenda.

Jambo jingine ni lugha. Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yalikuwa na kifungu kisemacho kwamba katika kuyafasiri, maneno ya Kiingereza ndiyo yatakayozifunga pande zote mbili. Maneno ya Kiganda, ambayo Waganda wengi waliweza kuyasoma, hayakuwa na nguvu hiyo.

Basi mtu aletewapo karatasi asitazame jina lililo juu tu. Na aulize: Kila upande unatoa nini? Neno limeandikwa "shall", yaani ni lazima, au "may", yaani ni ruhusa tu? Ni lugha gani itakayofuatwa ikiwa maneno yanahitilafiana? Na mapatano yakivunjwa, ni korti gani itakayosikiliza? Asipopata jibu la swali hili la mwisho, asitie sahihi wala kidole kwanza, bali amtafute ajuaye sheria amweleze. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na mwamuzi ni shida kulidai.