Meza ya Pasaka katika Kilima cha Nabugoye

Kila mwaka, mwezi wa Machi ukielekea kwisha au Aprili ikiwa imekwisha ingia, akina mama wa Nabugoye, karibu na mji wa Mbale mashariki ya Uganda, huanza kazi ambayo jirani zao wengine hawana. Vyombo hutolewa nje vikasuguliwa, pembe za jikoni hufagiwa, makapu na mifuko hukung'utwa. Kinachotafutwa ni chachu. Sheria ya Pasaka ya Kiyahudi haina mzaha: kwa muda wa siku nane hakiliwi wala hakiwekwi nyumbani kitu chochote cha nafaka ya mkate kilichopata kuumuka.

Watu hao huitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa lugha ya Kiganda, na idadi yao hukadiriwa kuwa kiasi cha 2,000. Hawakuhamia kutoka ng'ambo. Ni wenyeji, wakulima wa ndizi na kahawa katika miteremko ya mlima Elgon. Dini hii waliipokea kwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki, kisha akavunjika moyo alipoona hapewi cheo alichokitarajia. Kwa kuisoma sana Torati aliamua mwaka 1919 kutahiriwa yeye pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi na yeye ni Myahudi. Muda si mrefu akapita mgeni wa Kiyahudi aliyejulikana kwa jina la Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha hesabu ya sikukuu na sheria za vyakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini hesabu ile ya sikukuu ilibaki.

Hesabu yenyewe inastahili kuelezwa. Wayahudi hufuata mwezi mwandamo, kama wafanyavyo Waislamu, na siku yao huanza jua linapotua. Lakini sikukuu zao hazizunguki mwaka mzima kama Idi, kwa sababu katika kila miaka 19 huongezwa miezi 7, ili Pasaka isitoke katika majira yake. Ndiyo maana mama wa nyumba aweza kujua tangu zamani ni msimu gani atakaolazimika kuwa na akiba ya chakula cha wageni.

Usiku wa kwanza wa Pasaka ndio mkubwa. Jamaa yote hukusanyika mezani, na pamoja nao mgeni, mjane na asiye na kwao, maana ni desturi kutangaza kabla ya kula kwamba kila mwenye njaa aingie. Mezani huwekwa mikate myembamba isiyotiwa chachu. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie motoni hazipiti dakika 18, kwa hiyo wapishi hufanya kazi mikono ikikimbizana. Huwekwa pia majani machungu, ya kukumbusha utumwa wa Misri. Maji ya chumvi, ambayo ni machozi. Yai, na mfupa uliochomwa. Kuna na mchanganyiko mtamu mfano wa udongo wa matofali ambao watumwa waliufinyanga. Ulaya huupika kwa matofaa na lozi au jozi. Katika Uganda, ambako matofaa ni ya kununuliwa kwa bei kubwa, karanga na ndizi zimepata mahali pake. Kila mtu hunywa vikombe vinne vya divai, au maji ya zabibu, naye hukaa ameegemea ubavu wa kushoto kama alivyokaa muungwana wa zamani, si kama mtumwa asimamaye.

Mwenye kazi kubwa usiku huo ni mtoto mdogo kuliko wote. Yeye ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, na wazee hawana budi kumjibu kwa kumsimulia habari yote ya kutoka Misri. Ili asilale kabla ya hadithi kwisha, kipande cha mkate hufichwa; akikipata hakitoi mpaka aahidiwe zawadi, na karamu haiwezi kumalizika bila kipande hicho. Watu wazima hulazimika kupatana bei na mtoto wa miaka sita. Hakuna mwalimu aliyebuni njia bora kuliko hiyo ya kumfunza mtoto historia.

Lakini ilifika miaka ambayo meza hiyo ilikuwa ya hatari. Idi Amin aliwafukuza Waisraeli nchini mwaka 1972, kisha akaipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa, na wengi wa waumini wakageukia Ukristo au Uislamu, kwa hofu wala si kwa imani. Waliobaki walisali kwa siri. Sikukuu ya Vibanda ndiyo iliyokuwa ngumu kuficha, kwa kuwa sharti lake ni kujenga kibanda nje, chini ya mbingu, kikaezekwa kwa matawi au majani, na jamaa wakala humo siku saba. Rabi Gershom Sizomu, kiongozi wa Abayudaya, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa sababu ya kibanda kama hicho, na kwamba kilichomtoa ni mbuzi waliotolewa na jamaa zake.

Jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo, jua lilipotua, ndipo Pasaka ya mwaka ule ilipoanza. Hakika ni nadra kalenda mbili kukutana namna hii, na Abayudaya hawajaacha kuwasimulia watoto wao. Waliokuwa wameshikilia dini hadi siku hiyo walikadiriwa kuwa watu 300 hivi tu.

Kutoka hao 300 ndipo jamaa hii ilipochipuka tena. Mwaka 2002 wengi wao walithibitishwa rasmi mbele ya marabi waliotoka ng'ambo. Sizomu alikwenda Los Angeles kusoma, akapewa urabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Hata hivyo, si milango yote iliyofunguka. Mwaka 2018 serikali ya Israeli ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko, na jambo hilo liliwaumiza watu ambao kila Pasaka huimalizia kwa kutaja Yerusalemu.

Zawadi za mwaka huu wa Kiyahudi haziko katika Pasaka peke yake. Mwezi mmoja kabla huja Purimu, sikukuu ya malkia Esta, na hapo kila mtu mzima hupaswa kumpelekea rafiki angalau vyakula vya namna mbili, na kuwapa kitu maskini wasiopungua wawili. Wanaobeba sahani hizo aghalabu ni watoto, nao njiani huonja. Majirani Waislamu hawaoni ajabu, kwani wao nao huzungusha sahani siku ya Idi. Ujirani huo ni wa kazi pia: mwaka 2004 J.J. Keki, Myahudi wa hapo, alianzisha chama cha ushirika cha kahawa kiitwacho Mirembe Kawomera, na ndani yake Wayahudi, Wakristo na Waislamu huuza kahawa yao kwa pamoja.

Jambo linalowasumbua zaidi ni safari. Siku ya Sabato, tangu Ijumaa jua litakapotua hadi Jumamosi nyota zitakapoonekana, Myahudi hawashi moto wala hapandi gari, na mwendo wake wa miguu nje ya kijiji usizidi dhiraa 2,000, yaani karibu kilomita moja. Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa kikaachwa juu ya makaa. Sikukuu kubwa nazo hukataza safari. Basi kijana afanyaye kazi Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mbale, akitaka kula Pasaka kwa mama yake hana budi kuomba ruhusa mapema na kupanda gari asubuhi, maana gari likiharibika njiani na jua likatua, sheria yamtaka ashuke alale hapo alipo. Mama naye huweka sahani yake, na mlango hauachi kutazamwa mpaka mishumaa iwashwe.